Pombe Yetu na Breki ya Saratani

Msikilizaji, neno pombe limefika mbali kuliko wanywaji wake. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta humo chachu ya namna ya pekee. Chachu nyingi huzaana kwa kuchipua ubavuni. Hii hujikata katikati, nusu kwa nusu. Akaipa jina Schizosaccharomyces pombe, na hivyo kinywaji chetu kikaingia vitabuni kwa heshima zote za Kilatini.

Miaka ya 1970, Mwingereza Paul Nurse alikuwa Edinburgh, akiitumia chachu ya jina hilo kutafuta jibu la swali moja: seli hujuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika? (Nisiwadanganye. Ukoo wa chachu alioutumia ulitunzwa Uswisi, na asili yake ni maji ya zabibu. Cha kwetu ni jina tu.) Aliona baadhi ya seli zikigawanyika kabla ya kukua, kama gari lililokatika breki. Kwa kufuatilia kasoro hizo akaifikia jeni iitwayo cdc2, inayotengeneza kimeng'enya cha jamii ya kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, na kwa kubandikwa huko protini huamshwa au hulazwa.

Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walitia jeni za binadamu katika chachu ambayo cdc2 yake ilikuwa mbovu. Jeni moja ikaiwezesha kugawanyika tena! Maana yake ni kwamba mtu na chachu hutii amri ileile. Mwaka 2001 Nurse alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Sasa tuje kwenye dawa. Katika seli zetu yuko bawabu, protini iitwayo Rb, anayezuia seli isianze kunakili chembe zake za urithi. Kinasi mbili, CDK4 na CDK6, humbandika fosfeti naye huachia mlango. Katika saratani nyingi za matiti zinazochochewa na homoni ya estrojeni, mlango huo husukumwa bila kupumzika. Dawa ya palbosaiklibu, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2015, huzifunga mikono kinasi hizo. Bawabu hubaki kazini, na seli hukwama pale mlangoni. Ni breki zaidi kuliko sumu.

Breki hiyo haiponyi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, nusu ya wanawake walioimeza pamoja na letrozoli walikaa miezi 24.8 au zaidi bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa waliomeza letrozoli peke yake ilikuwa miezi 14.5. Nayo haichagui sana: seli za uboho hutumia mlango huohuo, chembe nyeupe za damu hupungua, ndiyo sababu mgonjwa humeza wiki tatu, akapumzika moja.

Miezi kumi si kitu kidogo kwa mama mwenye watoto shuleni. Lakini dawa hii ni ya kumezwa mwezi baada ya mwezi, na ilipotoka bei yake ilikuwa ya kutisha hata kwa matajiri. Mimi ninatazama zaidi India, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa. Huko hataza yake ilikwisha mwaka 2023, na viwanda vya huko vikaanza kuitengeneza kwa bei nafuu.