Unusaji wa gundi, petroli na gesi ya kucheka

Unusaji wa kulevya ni tabia ya kuvuta kwa pua au mdomo mvuke wa kimiminika kinachopaa upesi, au gesi iliyoshindiliwa mtungini, kwa nia ya kulewa. Bidhaa zinazotumika hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kuna gundi ya fundi viatu, petroli, thina ya rangi, gesi ya kujazia viberiti na manukato ya kopo. Kuna pia oksidi ya nitrasi (N₂O), maarufu kwa jina la gesi ya kucheka, ambayo hospitalini ni dawa ya kutuliza maumivu na kwa mpishi wa keki ni gesi ya kuumulia krimu. Kinachoziweka pamoja ni njia ya kuingilia mwilini tu. Kemia yake ni mbalimbali, na madhara yake vilevile: kitu kimoja huharibu uti wa mgongo, kingine figo na ubongo, kingine husimamisha moyo siku ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii anapofikishwa hospitali, swali la kwanza kwa waliomleta ni alinusa nini.

Mvuke ukishafika mapafuni huingia damuni na kufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Ulevi wake ni wa dakika chache pia. Ufupi huo huwadanganya wengi kwamba jambo lenyewe ni dogo, na ndio unaomfanya mtumiaji arudie tena na tena kwa saa nzima. Dalili za mwanzo hufanana na za pombe: kizunguzungu, ulimi mzito, miguu isiyotii, kicheko au hasira isiyo na sababu, na wengine huona au kusikia visivyokuwepo. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa hufuata.

Kifo cha ghafla

Mwaka 1970 daktari wa Marekani Millard Bass alichapisha ripoti kuhusu vijana 110 waliokufa ghafla wakinusa vimumunyisho, yaani vimiminika vya aina hiyo, katika muongo uliotangulia. Hawakuwa wamekosa hewa kwa kufunikwa na mfuko, wala uchunguzi wa maiti haukuonyesha ugonjwa wa kutosha kuwaua. Katika visa kadhaa kijana alikuwa amenusa, kisha akakurupuka, akakimbia, akaanguka.

Maelezo yaliyokubalika ni haya. Mvuke wa vimumunyisho vingi, butani (gesi ya viberiti) na gesi za makopo ya kupuliza zikiwa mbele, huufanya msuli wa moyo uwe mwepesi kupita kiasi kuitikia adrenalini. Mtu akishtuka au akianza kukimbia, mwili humwaga adrenalini kama kawaida. Moyo wa mtu mzima wa afya ungeongeza kasi tu. Moyo uliokwisha kunywa mvuke huo hupoteza mpangilio, vyumba vyake vya chini vikatetemeka badala ya kusukuma damu, na kifo huja ndani ya dakika. Hali hii haimchagui mzoefu. Huweza kumpata anayejaribu kwa mara ya kwanza, na hakuna kipimo cha kutabiri ni nani.

Nchini Uingereza vifo vilivyotokana na vimumunyisho vilifikia kilele cha 152 mwaka 1990, na gesi ya viberiti ilikuwa miongoni mwa wauaji wakuu. Mwaka 1999 ikapigwa marufuku kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 makopo ya kujazia viberiti.

Huduma ya kwanza inatokana moja kwa moja na elimu hiyo. Anayenusa asikimbizwe, asipigwe, asitishwe kwa kelele. Aondolewe taratibu penye mvuke na moto wowote uzimwe, apelekwe penye hewa, aketishwe na aongeleshwe kwa upole. Akizimia huku bado anapumua, alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi. Pumzi ikikatika, kifua kibonyezwe na msaada uitwe mara moja. Ushauri huu ni mgumu kutekelezwa Nairobi au Mombasa, ambako mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni anapoona gari la kanjo, yaani askari wa jiji, jambo la kwanza analofanya ni kutimua mbio, na askari nyuma yake. Kwa mtazamo wa tabibu, msako wa namna hiyo una hatari ambayo wanaouamuru pengine hawajawahi kuelezwa.

Njia nyingine za kufa papo hapo zinajulikana zaidi: kukosa oksijeni, hasa kichwa kikiwa ndani ya mfuko au chumba kikiwa kimefungwa, kupaliwa na matapishi, kuungua petroli ikishika moto, na ajali za barabarani.

Gesi ya kucheka

Joseph Priestley aliipata oksidi ya nitrasi mwaka 1772. Mwaka 1799 Humphry Davy, kijana wa miaka 20 aliyeajiriwa na daktari Thomas Beddoes huko Bristol, alianza kuivuta mwenyewe na kuwavutisha rafiki zake, akiwemo mshairi Robert Southey. Kitabu chake cha 1800 kilitaja kwamba gesi hii huondoa maumivu na huenda ikafaa katika upasuaji. Madaktari hawakulijali wazo hilo kwa zaidi ya miaka 40. Walioichangamkia ni wenye maonyesho, waliotoza kiingilio ili watu waone wenzao wakilewa na kuyumba jukwaani.

Ni katika onyesho la aina hiyo, mjini Hartford, Marekani, tarehe 10 Desemba 1844, daktari wa meno Horace Wells alipomwona mtu aliyejiumiza mguu akiwa amelewa gesi, asihisi kitu. Kesho yake Wells aling'olewa jino lake mwenyewe chini ya gesi hiyo. Nusukaputi ya kisasa ina mzizi wake mmoja hapo. Jaribio lake la hadharani mjini Boston mwaka uliofuata liliharibika kwa kuwa mgonjwa alilalamika, na Wells akadhihakiwa. Baadaye akageukia klorofomu, akawa anajijaribia mwenyewe hadi akili ikamvurugika, na Januari 1848 alifia katika jela ya New York akiwa na miaka 33. Mgunduzi wa faida ya kunusa akawa pia mmoja wa walioangamizwa na kunusa.

Hadi leo gesi hii ni dawa halali na njema. Huwapunguzia uchungu wanawake wanaojifungua na watoto wanaotibiwa meno. Lakini hospitalini haitolewi peke yake: huchanganywa na oksijeni, na mchanganyiko wa leba ni nusu kwa nusu, maana yake oksijeni ni zaidi ya ile asilimia 21 iliyomo hewani. Anayevuta kutoka kwenye baluni huvuta gesi tupu. Anayeweka mdomo kwenye mtungi anajiongezea hatari nyingine, kwa kuwa gesi hii huchemka kwenye nyuzi -88 za Selsiasi. Inapofumuka hugandisha midomo, koo na njia ya hewa, na mtungi ulioshikwa kati ya mapaja huacha majeraha ya baridi yanayohitaji kupandikizwa ngozi.

Barani Ulaya hali ilibadilika pale vikopo vidogo vya krimu, vyenye gramu 8 kila kimoja, vilipopata mshindani: mitungi yenye zaidi ya nusu kilo ya gesi. Kizuizi cha kufungua kopo baada ya kopo kikaondoka. Uholanzi iliiingiza gesi hii katika orodha ya dawa za kulevya tarehe 1 Januari 2023, na Uingereza ikafuata tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, ikiacha wazi matumizi ya tiba, viwanda na upishi.

Vitamini iliyouawa

Madhara makubwa ya gesi hii kwa mvutaji wa kila mara hayako kwenye kicheko wala kwenye mapafu. Yako kwenye vitamini B12. Katikati ya kila chembe ya vitamini hiyo kuna atomu ya kobalti, na oksidi ya nitrasi huioksidisha atomu hiyo, vitamini ikabaki damuni kwa jina tu. Kimeng'enya kinachoitegemea, kile kinachogeuza homosisteini kuwa methionini, husimama. Bila methionini ya kutosha mwili hushindwa kuutunza utando wa mafuta unaozifunika neva, na utando huo ukibanduka ujumbe kati ya miguu na ubongo hukatikakatika njiani.

Dalili ya kwanza aghalabu ni ganzi na michomo kwenye vidole vya miguu, ikipanda polepole, kisha vidole vya mikono. Mgonjwa huanza kupepesuka, na gizani au akifumba macho huanguka kabisa, kwa sababu ubongo haupati tena habari za mahali miguu ilipo. Wengine huhisi shoti ya umeme ikiteremka mgongoni wanapoinamisha shingo. Kuna wanaoshindwa kuzuia mkojo, kuna wanaopoteza nguvu za kiume, na kuna wanaochanganyikiwa akili. Homosisteini inayorundikana huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, hivyo kijana asiye na historia yoyote ya maradhi anaweza kupata donge la damu mguuni au mapafuni.

Elimu hii haikuanza kwa walevi. Mwaka 1956 madaktari wa Denmark waliripoti kwamba wagonjwa wa pepopunda waliolazwa usingizi kwa gesi hii siku nyingi mfululizo waliacha kutengeneza chembe za damu. Mwaka 1978 Robert Layzer wa Marekani akaeleza wagonjwa 15 wa neva na uti wa mgongo, karibu wote madaktari wa meno: wenyewe walikuwa wakivuta, au walifanya kazi katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha.

Mtego wa maabara ni huu: kipimo cha kawaida cha B12 kinaweza kuja na jibu zuri, kwa sababu kinahesabu pia vitamini iliyokwisha haribika. Homosisteini na asidi ya methilmaloniki ndizo zinazofichua ukweli, na picha ya MRI ya shingo mara nyingi huonyesha doa katika sehemu ya nyuma ya uti wa mgongo. Tiba ni kuacha gesi mara moja na kudungwa sindano za B12 bila kungoja majibu yote. Kuendelea kuvuta huku ukimeza vidonge vya vitamini hakumkingi mtu, kwani kila pumzi mpya huua vitamini mpya. Wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi. Baadhi hubaki na fimbo.

Anayeanza na akiba ndogo huumia mapema zaidi. B12 hutoka kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai, hivyo walaji wa mimea mitupu wamo katika kundi hilo, pamoja na wanaotumia metformini kwa ajili ya kisukari.

Gundi na petroli

Afrika Mashariki tatizo hili lina sura ya mtoto. Gundi ya viatu hutiwa kidogo ndani ya chupa ya plastiki, na chupa huning'inia mdomoni saa kadhaa kwa siku. Tafiti zilizofanywa Eldoret na watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa nje zimeonyesha kwamba kati ya vileo vyote vya watoto wa mitaani, gundi ndiyo iliyotangulia. Walipoulizwa sababu, watoto walitaja njaa, baridi ya usiku, woga, na kutaka kufanana na wenzao. Ni majibu yenye mantiki: toluini iliyomo katika gundi hupoteza hamu ya chakula na kufisha hisia za baridi. Gundi ni nafuu kuliko mlo, na haidai sahani.

Toluini hupenda mafuta, na ubongo ni kiungo chenye mafuta mengi. Kwa miaka ya kunusa, sehemu nyeupe ya ubongo huliwa taratibu: kumbukumbu hupungua, mikono hutetemeka, mwendo huwa wa kuyumba hata siku ambazo hajanusa, masikio na macho hudhoofu. Figo nazo hushindwa kutoa asidi mwilini na hupoteza potasiamu kwenye mkojo, kiasi kwamba mtoto anaweza kuletwa hospitali akiwa hawezi kusimama, misuli imelegea kabisa. Hapo potasiamu humwokoa, ikiwa kuna aliyefikiria kuipima. Heksani, iliyomo katika gundi nyingine, hushambulia neva za miguu na mikono, na udhaifu unaweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha. Petroli huongeza benzini, ambayo huharibu uboho na kusababisha saratani ya damu. Mjamzito anayenusa huweza kuzaa mtoto mdogo kuliko kawaida, mwenye kasoro za uso na ubongo zinazofanana na za mtoto wa mlevi wa pombe.

Vipele kuzunguka mdomo na pua, harufu ya kemikali kwenye nguo, madoa ya rangi vidoleni na kikohozi kisichokwisha ni ishara ambazo mwalimu au mzazi anaweza kuziona kabla ya tabibu.

Kisheria gundi ni bidhaa halali, nayo ni nyenzo ya kazi ya fundi viatu. Sheria za dawa za kulevya zilizoandikwa kwa ajili ya bangi na heroini haziishiki sawasawa, na kumfunga mtoto hakumwondolei njaa. Majaribio yaliyozaa matunda yameigusa bidhaa yenyewe. Australia, katika vijiji vya Waaborijini ambako petroli ilikuwa imeangamiza vijana, tangu 2005 serikali imegharimia petroli maalumu yenye kiasi kidogo sana cha kemikali zinazolevya, na unusaji ukashuka sana katika maeneo ilikopelekwa. Kwa gundi, zipo aina zinazotumia maji badala ya toluini. Hukauka polepole zaidi, na fundi mwenye mteja anayengoja kandoni ana sababu ya kutozipenda.