Kamba wa Delta na Kesi ya Wanavijiji

Akina mama wenzetu, tunaposherehekea miaka kumi ya chama, tusiwasahau waliotutangulia kudai haki. Novemba 1997 Baraza la Mawaziri liliikubalia kampuni ya African Fishing Company kufuga kamba katika delta ya Rufiji, ingawa NEMC, baraza linaloshughulikia mazingira, lilishauri mradi ukataliwe. (Kibiti wakati ule bado tulikuwa Wilaya ya Rufiji.) Mabwawa yangemeza karibu hekta 10,000. Mikoko ingefyekwa, mashamba ya mpunga yangekwenda na maji ya chumvi, watu wangehamishwa.

Fidia nayo ilikuwa kitendawili. Kwa sheria za wakati huo kilicholipwa ni maendelezo, siyo ardhi tupu. Mnazi unahesabika, sawa. Na shamba la mpunga uliokwisha vunwa, je? Hapo mama angebaki mikono mitupu.

Wanavijiji hawakungoja waharibiwe kwanza. Wakisaidiwa na wanasheria wa LEAT, walikwenda Mahakama Kuu. Mradi ukakwama.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, inayompa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Nakala ipo kwa katibu. Anayetaka kuisoma aiombe.