Wamiliki wakubwa wa sarafu za mzaha

Sarafu za mzaha, ambazo vijana wengi huziita memekoini, ni sarafu mtandao zinazotokana na kichekesho, picha au jina la mtu maarufu, bila biashara wala mali nyuma yake. Ya kwanza kuvuma ni Dogecoin, iliyotengenezwa Desemba 2013 na Billy Markus na Jackson Palmer. Anayeshika fungu kubwa la sarafu moja huitwa nyangumi. Sarafu ikiwa changa, uamuzi wake wa kuuza una uzito kuliko habari yoyote inayosambazwa.

Mnunuzi wa Buzuruga, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, huanzia kwa wakala wa fedha za simu: anaweka pesa, ananunua dola za kidijitali kwa mtu, kisha anazibadilisha kuwa sarafu anayoitaka. Bei anayoiona ni ileile anayoiona mtu wa Dubai. Shida huja wakati wa kutoka.

Sarafu nyingi za aina hii huuzwa kupitia bwawa la ukwasi, yaani akiba mbili zilizowekwa pamoja, sarafu huku na dola kule, zikisimamiwa na programu. Tuseme zimetolewa sarafu milioni 10, na bwawani mna sarafu 1,000,000 na dola 10,000. Kila sarafu ni senti 1. Nyangumi mwenye asilimia 10 ya sarafu zote akimwaga 1,000,000 zake kwa mkupuo, fomula inayotaka zao la akiba hizo lisibadilike humpa dola 5,000, na bei huanguka hadi robo ya senti. Aliyekuwa na sarafu za dola 200 sasa anasoma 50, pengine kabla hajafungua simu. Nyangumi naye amepata nusu tu ya alichokiona kwenye pochi yake, ndiyo maana wajanja huuza kidogokidogo huku wakiendelea kuisifia sarafu hadharani. Huo ni uovu mkubwa kuliko mporomoko wenyewe, kwa kuwa kila anayeshawishika kuingia ndiye anayemlipa anayetoka.

Ushawishi huo hujengwa zaidi kwa majina. Januari 17, 2025 Donald Trump alitangaza sarafu ya TRUMP. Kati ya sarafu bilioni 1 zilizopangwa, milioni 800 zilibaki kwa kampuni zinazohusiana naye. Ilipita dola 70 ndani ya siku 2, kisha ikapoteza sehemu kubwa ya thamani hiyo. Mwezi uliofuata wadukuzi waliteka akaunti ya X ya mfanyabiashara Mohammed Dewji wakatangaza sarafu bandia yenye jina la Tanzania, na zaidi ya dola milioni 1 zikachotwa.

Mafungu makubwa huonekana kwenye daftari la wazi la mtandao, lakini pochi si mtu: mmoja anaweza kugawa sarafu zake katika pochi mia asitambulike. Nyangumi pia hutikisa soko bila kukusudia. Mtaalamu wa sarafu mtandao Vitalik Buterin alitumiwa nusu ya sarafu zote za Shiba Inu pasipo kuziomba. Mei 2021 alipochangia sehemu yake kwa wagonjwa wa UVIKO-19 nchini India, bei ilishuka ghafla.

Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha Novemba 2019 kwamba sarafu mtandao si fedha halali nchini. Juni 13, 2021, akizindua jengo la benki hiyo jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka ianze kujiandaa nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, na kodi hiyo hukatwa kwenye malipo yenyewe, muuzaji awe amepata faida au hasara.