Chungu Kimoja, Akaunti Nyingi

Mwaka 1889 Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya pensheni: mfanyakazi, mwajiri na serikali wachangie, na anayeishi miaka mingi abebwe na wenzake. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, kwenye visiwa kama Takawiri, kati ya Mbita na Mfangano, mzee alibebwa na wanawe na ukoo.

Kenya ilipounda NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mwaka 1965, haikuweka chungu kimoja cha wote. Kila mwajiriwa alipata akaunti yake, na alipostaafu alilipwa kwa mkupuo akiba yake na riba. Pensheni ya kudumu kutoka hazina ya serikali iliwabakia watumishi wa umma. Mwaka 1981 Chile iliwahamishia wafanyakazi kwenye akaunti binafsi, na mwaka 1994 Benki ya Dunia ikaipigia debe njia hiyo. Januari 2021 watumishi wa umma wa Kenya walio chini ya miaka 45 nao wakaanza kukatwa mshahara kwa ajili ya akaunti zao: asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, 7.5 kuanzia wa tatu, huku serikali ikiongeza 15.

Mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani, hana mshahara wa kukatwa. Huingia ziwani usiku na taa zake. Asubuhi samaki huuzwa, gharama hutolewa, mwenye mtumbwi huchukua fungu lake, na kinachobaki vijana waliovua hugawana. Msimu ukifungwa, hakuna cha kugawana. Mpango wa pensheni wa Mbao wa mwaka 2011 ulimfungulia mlango: shilingi 20 kwa siku, kwa simu.

Mlango huo ni wa maana, lakini akaunti binafsi hurudisha tu kilichowekwa, pamoja na faida yake. Aliyezama akiwa kijana huacha akiba ya kijana. Anayefika miaka 90 huimaliza yake akiwa bado hai. Kinamama wanaoanika omena wanalijua hilo, ndiyo maana hawajaacha nyoluoro, chama chao cha kuchangiana kwa zamu.

Mwaka 2018 Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa watu fedha, ilipanuliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani aliwahi kuchangia. Hapo ndipo Kenya ilipoukaribia mzigo wa pamoja. Kila mtu na aweke akiba yake. Lakini uzee wa mvuvi usitegemee bahati ya nyavu zake. Msingi huo wa pamoja uimarishwe kwanza, akaunti zifuate.