Kiendeshi

Nalipenda neno hili kuliko "draiva" ya mafundi: dereva ni mtu, na ki- ya vyombo inaifaa programu inayoendesha kifaa. Ubao mama wa kompyuta huwa na chipu, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, inayopima joto, volti na kasi ya feni. Linux husoma chipu hizo kwa viendeshi kama nct6775 na it87. Ikija chipu mpya, kiendeshi huangalia namba yake ya utambulisho, na kisipoijua hujitoa. Kuongeza namba hiyo ni kazi ndogo. Jasho liko kwenye kujua kila rejesta inashika nini, hasa mtengenezaji akificha nyaraka. Kiendeshi kikikubali, faili la joto, temp1_input, husomeka kwa mfano 45000, yaani nyuzi 45 za Selsiasi.