Kilichosogea ni Nyota au ni Darubini?

Mwaka 1718 Edmond Halley wa Uingereza alilinganisha nyota alizoziona na orodha walizoacha Wagiriki wa kale, akakuta Sirius, Arcturus na Aldebaran hazipo tena pale zilipoandikwa. Tangu hapo historia ya kupima mwendo wa nyota husimuliwa kama safari ya jicho linalozidi kuwa kali: darubini kubwa zaidi, kisha kamera, kisha setilaiti. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini inaruka jambo ninaloliona kuwa kiini. Swali gumu zaidi katika kazi hii limekuwa kujua kama kilichosogea ni nyota yenyewe, au ni hewa, kioo na chuma vilivyo kati yake na mpimaji. Swali hilo ndilo lililoipeleka kazi hii nje ya angahewa.

Tuanze na vipimo. Digrii moja ina dakika 60 za pembe, na kila dakika ina sekunde 60. Mwezi mpevu una upana wa sekunde 1,800 hivi. Mwaka 1838 Friedrich Bessel, kule Königsberg, alionyesha kwamba Dunia inapolizunguka Jua, nyota iitwayo 61 Cygni huonekana kupepesuka kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Kupepesuka huko, kunakoitwa paralaksi, ndiko kunakotupa umbali wa nyota. Mwaka 1915, mjini Johannesburg, Robert Innes alilinganisha picha zilizopishana miaka mitano akagundua nyota hafifu, isiyoonekana kwa macho matupu, iliyokuwa imehama. Tunaijua leo kama Proxima Centauri, jirani wa karibu kuliko nyota zote za nje ya Jua letu. Mwaka uliofuata E. E. Barnard akatangaza nyingine inayokwenda sekunde 10 kwa mwaka, na hadi sasa hakuna iliyoonekana kuizidi. Hizo ndizo zilizokuwa rahisi. Nyingi zilizobaki mwendo wake ulikuwa mdogo kuliko mitikisiko ya darubini yenyewe.

Hatari ya hali hiyo ilimpata Peter van de Kamp, Mholanzi aliyefanya kazi katika kituo cha Sproul, Pennsylvania. Kwa miaka mingi aliipiga picha nyota ya Barnard, na mwaka 1963, akiwa na picha za vioo zaidi ya 2,000, akatangaza kwamba inayumbishwa na sayari yenye uzito wa mara moja na nusu hivi wa Mshtarii. Kwenye kioo cha picha, myumbo huo ulikuwa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn walipima picha za darubini nyingine wasiuone. Mwaka huohuo John Hershey, palepale Sproul, akaonyesha kwamba nyota nyingine kabisa, Gliese 793, iliruka katika miaka ileile: 1949, kishikio cha lenzi kilipobadilishwa, na 1957, lenzi iliporekebishwa. Van de Kamp hakukubali. Wala hakuwa mzembe. Wachache wamewahi kuitazama nyota moja kwa uvumilivu kama wake. Lakini uvumilivu kwenye chombo kimoja hauwezi kukitenga chombo hicho na nyota.

Kuna anayeuliza kwa haki: roketi ya nini, ilhali ardhini kuna vioo vya mita 8, na kioo kikuu cha setilaiti ya Gaia hakikufika hata mita 1.5? Kwa kukusanya nuru, kioo cha ardhini kinashinda. Kwa kupima pembe, ardhi yenyewe ni tatizo: hewa inachezacheza, uzito unapinda darubini kila inapogeuzwa, na hakuna mahali pamoja panapoona anga yote. Tena darubini ya kawaida hulinganisha nyota na majirani zake, ambao nao wanapepesuka kwa wakati uleule. Katika miaka ya 1960 Pierre Lacroute wa Strasbourg alipendekeza chombo cha angani kinachotazama pande mbili zilizo mbali na kuziunganisha kwenye kipokezi kimoja. Hipparcos, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 1989, ilifanya hivyo kwa nyota zaidi ya 118,000, kwa usahihi wa karibu milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde ya pembe, ingawa injini yake ilishindwa kuifikisha kwenye njia iliyopangwa. Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, imeorodhesha vitu bilioni 1.8, na kwa vilivyo bora kosa lake ni sawa na unene wa unywele ukitazamwa kutoka kilomita 1,000.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vyombo vya angani navyo hukosea. Ni kweli. Hipparcos ilikiweka Kilimia, fungu ambalo wakulima wa pwani yetu wamelitazama kujua majira, kwenye miaka ya nuru 390 hivi, wakati mbinu nyingine zilisema karibu 440. Ubishi ulidumu miaka mingi. Mwaka 2014 vipimo vya darubini za redio viliunga mkono ile 440, kisha Gaia ikakubaliana navyo. Gaia nayo haikusalimika: pembe kati ya darubini zake mbili, digrii 106.5, ilicheza kwa karibu milisekunde moja kila ilipojizungusha, zaidi sana ya ilivyotarajiwa. Watafiti wakageukia kwasari, viini vya magalaksi vya mbali mno, ambavyo paralaksi yake inapaswa kuwa sifuri. Katika takwimu za 2018 wastani wake ulitoka chini ya sifuri, kama 0.03 ya milisekunde. Walikichapisha kipimo hicho cha kosa pamoja na orodha yenyewe. Mimi nauhesabu ukurasa huo miongoni mwa kurasa bora za kazi nzima, kwa kuwa ulimpa kila msomaji njia ya kurekebisha namba kabla ya kuzitumia.

Aprili 2024 timu ya Gaia ilitangaza nyota iliyo umbali wa karibu miaka ya nuru 2,000, inayoyumba kwa mzunguko wa miaka 11 na ushee, ikivutwa na kitu kisichoonekana chenye uzito wa Majua 33. Ni dai la aina ileile ya van de Kamp. Safari hii, kabla ya kukiita kitu hicho shimo jeusi, walipima kasi ya nyota hiyo kwa darubini za ardhini, vyombo visivyoshiriki kioo wala kishikio na Gaia, na namba zikalingana.