Tutu ni Rinda

Orodha ya istilahi za sanaa za maonesho iliyowafikia walimu wa sekondari huku Bunda ina ukurasa mmoja unaohusu bale, na ukurasa huo umenikera tangu siku niliyousoma. Ngoma yenyewe imeandikwa "baleti". Vazi lake mashuhuri, lile ambalo Wafaransa huliita tutu, limekuwa "kisketi-mwavuli". Viatu vyake ni "viatu vya kunyatia", na maleba yake yote kwa jumla yameitwa "sare za baleti". Bale ni nini sitaeleza, maana msomaji anajua. Nitaeleza kwa nini tutu ni rinda, na kwa nini si haki kamati ya orodha hiyo, iliyokuwa na neno hilo mdomoni, kulitema.

Kwanza hiyo "ti" ya baleti. Neno lilianzia kwa Waitalia, balletto, likitokana na ballare, yaani kucheza. Wafaransa walipolichukua waliiacha t kwenye maandishi wakaiondoa kwenye matamshi, na Waingereza wakafuata. Kiswahili hupokea neno kwa sikio. Depo tuliipata kwa njia hiyohiyo, na sijamsikia dereva wa lori akisema "depoti". Bufee ya harusini nayo haikuwa "bufeti". Aliyeandika baleti amelinakili neno kutoka kwenye karatasi bila kulisikia likitamkwa. Neno ni bale.

"Sare" ni kosa zito zaidi. Sare ni nguo za kuwafananisha watu: wanafunzi, polisi, wanakwaya. Mavazi ya jukwaani hufanya kinyume. Humtenga malkia na mjakazi, mchawi na mwana wa mfalme. Kiswahili kina neno la kazi hiyo, maleba, nalo limezoeleka kwa walimu wa fasihi na wa sanaa za maonesho, Kenya na Tanzania. Naamini lina undugu na mojawapo ya mizizi miwili ya Kiarabu: ule wa kuvaa, uliotupa libasi na ambao Waarabu wenyewe wanautumia katika malabis, yaani mavazi, au ule wa kucheza, laiba, uliowapa malaab, viwanja vya michezo. Mimi naegemea wa kwanza, ingawa nakiri kwamba sauti ya wa pili inavutia, na lugha haikatazwi kusikia mizizi miwili katika neno moja. Kuvaa na kucheza ndiyo maana nzima ya maleba. Wachezaji wa ritungu wa Kikurya, wenye manyoya kichwani na njuga miguuni, wamevaa maleba. Hata pale ngozi ya mbega inapobadilishwa kwa ya mbuzi, kwa kuwa ngozi ya mnyamapori ni nyara ya serikali na sisi tunaishi mlangoni mwa Serengeti, pale Ndabaka, mavazi hayo yanabaki kuwa maleba. Hakuna mzee wa Tarime atakayeyaita sare.

Sasa rinda. Kamusi zetu zinalijua kwa maana mbili: mkunjo wa nguo iliyokusanywa kiunoni, na nguo ya kike iliyoshonwa kwa mikunjo hiyo. Sketi ya shule yenye marinda inajulikana na kila mzazi. Ukivuka Sirari ukaingia upande wa Kenya, gauni lolote la msichana ni rinda. Kuhusu asili yake, nashikilia kwamba tuliangalie neno la Kireno renda, ambalo ni kitambaa chepesi cha nyuzi zilizosukwa kwa nakshi. Wareno hao ndio waliotuachia maneno leso na bendera, ambayo yote mawili ni mambo ya kitambaa. Mwenzetu mmoja, ambaye siku hizi huitwa kwenye kila warsha ya istilahi, aliniambia mbele za watu kwamba hilo ni bahatisho. Nimemwomba atoe asili nyingine iliyo bora. Bado nasubiri.

Hata renda ikikataliwa, hoja yangu inasimama, kwa sababu inatokana na jinsi vazi lenyewe linavyoshonwa. Mwavuli ni kitambaa kimoja kilichotandazwa juu ya mbavu. Tutu ni tabaka za neti, kumi na zaidi, kila moja imekusanywa kwa mikunjo na kushikizwa kwenye kipande cha nyonga. Ukiitoa mikunjo, hakuna tutu. Historia yake yote ni historia ya mikunjo hiyo na urefu wake. Katika karne ya 18, Marie Camargo alipandisha sketi yake juu ya vifundo ili watazamaji wa Paris waone miguu ikifanya kazi, na watu wakashangaa. Mwaka 1832, Marie Taglioni alicheza La Sylphide akiwa na vazi jeupe, jepesi, lenye umbo la kengele, lililoteremka hadi kwenye mashavu ya miguu, na kwa miaka mingi hilo ndilo likawa vazi la bale.

Wepesi huo uliua. Novemba 1862, Emma Livry alikuwa kwenye mazoezi katika Opera ya Paris pale sketi yake ilipogusa moto wa taa ya gesi. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa kijana mno. Dawa ya kuzuia moto ilikuwapo, ila iliikakamaza neti na kuitia rangi ya manjano, na wachezaji, yeye akiwa mmojawao, hawakuitaka. Waliona ni heri hatari kuliko marinda yasiyopepea.

Baadaye, huko Urusi, wachezaji wa kike wa Kiitalia kama Virginia Zucchi walileta sketi fupi zaidi kwa sababu mizunguko yao ya kasi ilihitaji paja lionekane. Taratibu vazi likainuka hadi likasimama mlalo kiunoni. Mwaka 1950, Karinska, mshonaji aliyetoka Urusi, aliwashonea wachezaji wa mtunzi wa bale Balanchine kule New York rinda fupi lisilo na waya, laini, ili wachezaji wengi wakisimama karibu marinda yao yasigongane.

Kwa hiyo napendekeza: la Taglioni liwe rinda la kengele, lile la mlalo liwe rinda la sinia, na la Karinska liwe rinda la kitumba, kwa jinsi linavyofumuka kama pamba iliyo tayari kuchumwa. Hili la mwisho nililikusudia kwa wasomaji wa Bunda, wanaoijua pamba, na sioni aibu. Istilahi haina budi kuzaliwa mahali fulani, na si lazima pawe ofisini.

Nililijaribu pendekezo hili sokoni. Nilimpelekea fundi cherehani neno la kamati, nikamwomba anishonee kisketi-mwavuli cha mtoto wa kucheza ngoma za kizungu. Akachora chaki, akauliza, "Mwalimu, hii si solo tu?" Naam, mkononi mwake ilikuwa solo, sketi ya duara inayoanguka chini. Nikamwambia, "Mama, nataka rinda la neti, tabaka juu ya tabaka, fupi, lisimame kama sinia." Akaishika neti ya shela akaikunjakunja kiunoni, akaitazama ikilegea, kisha akauliza, "Litasimamaje bila waya?" Hilo ndilo swali ambalo washonaji wa Ulaya walilijibu kwa kupitisha pete ya waya ndani ya tabaka. Neno langu lilimfikisha huko kabla hajaona picha. La kamati lilimpeleka kwenye sare ya Jumapili.

Wapinzani wana hoja moja ambayo huinong'ona: kwamba neno marinda limechafuliwa na lugha ya mitaani. Nalijua tusi hilo. Lakini asili ya tutu inayosimuliwa zaidi kwa Wafaransa ni neno la kitoto la makalio, na hawakuliondoa kwenye jumba la Opera kwa sababu hiyo. Tukikabidhi kila neno safi kwa walevi wa kijiweni kwa kuwa walilichezea, tutabaki na msamiati wa matangazo ya serikali.

Viatu je? Kunyata ni mwendo wa paka na wa mwizi, wa kutotaka kusikiwa. Mchezaji wa bale husimama juu ya ncha za vidole ili aonekane, na kitenzi cha kufanya hivyo tunacho: kuchuchumia. Mtoto huchuchumia kufikia embe. Hivyo ni viatu vya kuchuchumia. Wakurya nao, kwa viatu vyao virefu vya mbao, humwinua mchezaji juu ya ardhi, na uzito wa mguu ukawa sehemu ya mdundo. Kimoja hutafuta wepesi na kingine kishindo.

Orodha ina kosa jingine ambalo si la sarufi. Soksi ndefu za waridi zimefasiriwa kuwa "za rangi ya mwili". Mwili wa nani? Dance Theatre of Harlem, iliyoanzishwa na Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969, iliwavisha wachezaji wake weusi soksi na viatu vya rangi za ngozi zao. London ilichelewa hadi 2018 ndipo kampuni ya Freed ikatengeneza viatu vya kahawia na vya rangi ya shaba pamoja na kundi la Ballet Black. Kabla ya hapo wachezaji walikuwa wakivipaka vipodozi. Na Wachina, mwaka 1964, waliwapandisha wanawake jukwaani na kaptura za kijeshi na viatu vya kuchuchumia, bila rinda hata moja. Hayo yote ni maleba ya bale, nayo orodha haikuyataja.

Matumizi ni mepesi: rinda hili, marinda haya, kuvaa rinda, mshona marinda.

Pendekezo hili nililiandika kwa barua nikalipeleka panapohusika. Sikujibiwa, wala sikuambiwa kosa langu. Basi nawaomba walimu wa sanaa wa Bunda, Musoma na Butiama, mlio na orodha hiyo mezani: futeni kwa kalamu, andikeni bale, maleba, rinda, viatu vya kuchuchumia, kisha wafundisheni watoto hivyo.